Kijana Ana Leseni Tayari: Jinsi ya Kumzoesha Barabara Kabla ya Kumwachia Funguo

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mtoto amemaliza chuo cha udereva, leseni ameipata, je, nimwachie gari? La pili hufuata hapo hapo: mbona ana leseni, lakini akifika Ubungo anaganda?

Jibu ni moja kwa yote mawili. Chuo kinamfundisha kuliondoa gari, kubadili gia, kusoma alama na kufaulu mtihani wa trafiki. Kuiona hatari kabla haijamfikia ni kazi nyingine, na huja kwa kuendesha saa nyingi akiwa na mtu mzima anayeijua barabara kwenye kiti cha pembeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua kuliko ajali hizo. Wengi wanaoanguka mapema si wale wasiojua kubadili gia.

Mwongozo huu ni wako wewe mzazi, mjomba, shangazi au kaka mkubwa utakayekaa pembeni. Umeandikwa kwa barabara za Tanzania. Kenya na Uganda nako wanaendesha kushoto, kwa hiyo karibu yote yatawafaa. Ukiwa Burundi, Rwanda au Kongo, geuza kushoto kuwa kulia na kulia kuwa kushoto.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni halisi ya kijana, yenye daraja linaloruhusu gari hilo. Kama bado ana ile ya kujifunzia, aendelee na mwalimu wa chuo kwenye gari lenye herufi L. Mwongozo huu unaanzia pale chuo kinapoishia.
- Bima iliyo hai. Piga simu kwenye kampuni uulize waziwazi kama dereva mwenye leseni changa anakubalika na makato yake, yaani sehemu utakayolipa mwenyewe, yakoje akigonga. Watu wengi huligundua hili wakiwa wameshagonga.
- Gari moja, dogo, lile lile kila siku. Mkibadilisha leo IST, kesho Noah, kijana anaanza upya kujifunza upana wa gari kila wiki.
- Matairi mazuri. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari madogo mengi huwa kati ya PSI 30 na 35. Kisha tafuta tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na bado likawa limezeeka na kupasuka nyufa.
- Mikanda yote inayofunga, ya nyuma pia.
- Pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto, jeki, wili spana, spea yenye upepo. Mwonyeshe kijana vilipo na mfungue spea pamoja mara moja, mchana, nyumbani.
- Chupa sita za maji za lita moja na nusu, zijazwe mchanga. Utaona kazi yake hatua ya kwanza na ya pili.
- Kioo kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele upande wako, ili uone nyuma bila kuegemea bega la dereva.
- Daftari la kuandika tarehe, muda, barabara na hali ya hewa.

Panga saa 40 za kuendesha kwa miezi mitatu au minne, vipindi vya dakika 45. Kipindi kikizidi dakika hizo akili ya mwanafunzi huchoka na makosa yanarudi, hata kama yeye atakuambia yuko fiti.

Jambo moja mkubaliane kabla ya kuwasha gari: neno "simama" lina maana moja tu, kanyaga breki sasa hivi. Usilitumie kwa kitu kingine chochote. Ukitaka aegeshe, sema "tafuta pa kuegesha kushoto".

Hatua ya 1: Kiti, vioo na sehemu isiyoonekana

Gari likiwa limezimwa, arekebishe kiti hivi. Akikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limepinda kidogo. Akinyoosha mkono juu ya usukani bila mgongo kuachia kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Kifua kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi, kwa sababu eabegi ikifunguka huhitaji nafasi hiyo. Kichwa cha kiti kilingane na utosi. Kandambili zivuliwe, huingia chini ya pedali.

Vioo vya pembeni viwekwe hivi kwamba ubavu wa gari lake uonekane kwa ukingo mwembamba tu. Wengi hujaza nusu ya kioo kwa milango yao wenyewe.

Sasa shuka. Anzia nyuma ya gari, tembea taratibu kuelekea mbele upande wa kulia, kama hatua mbili kutoka ubavuni, kijana akikufuata kwenye kioo. Pale atakaposema "nimekupoteza", weka chupa chini. Endelea kutembea hadi akuone kwa kona ya jicho, weka chupa ya pili. Nafasi iliyo kati ya chupa hizo mbili ndipo bodaboda anapokaa wakati kijana anataka kuhamia kulia. Rudia upande wa kushoto. Tangu siku hiyo, kugeuza kichwa kabla ya kuhama njia hakutahitaji hotuba.

Hatua ya 2: Breki, kwenye uwanja mtupu

Tafuta uwanja wa lami au changarawe ngumu, usio na watu, na uombe ruhusa kwa mwenye nao. Vijana wengi wana leseni na hawajawahi kukanyaga breki kwa nguvu zote hata mara moja. Siku watakapohitaji, hukanyaga nusu.

1. Weka chupa moja kama alama ya kuanzia. Aje kwa mwendo wa 20, akifika kwenye chupa akanyage breki kwa nguvu hadi gari lisimame. Weka chupa ya pili gari liliposimama.
2. Arudie kwa mwendo wa 40. Weka chupa ya tatu.
3. Mshuke mtembee kupima kwa hatua. Kwenye lami kavu mtakuta kama mita 2 kwa mwendo wa 20, na karibu mita 9 kwa mwendo wa 40. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Kwenye changarawe itakuwa zaidi, na hilo nalo ni somo.
4. Sasa kwa mwendo wa 40 tena, lakini safari hii asubiri wewe useme "simama", na uliseme pale pale mnapoipita alama ya kwanza, bila kumwonya. Itaongezeka mita 10 au zaidi kabla breki haijaanza kushika. Hizo ndizo mita za kushtuka.

Pedali ikitetemeka na kugonga chini ya mguu, ni ABS inafanya kazi. Mwanafunzi hushtuka na kuachia. Mwambie aendelee kukanyaga kwa nguvu zote huku akiongoza usukani.

Akishaliona hilo kwa macho, mpe hesabu hii aiandike kwenye daftari. Ni ya lami kavu, breki nzima, na dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka:

- mwendo wa 50: mita 21 za kushtuka, 14 za breki, jumla 35
- mwendo wa 80: 33 na 35, jumla 68
- mwendo wa 100: 42 na 55, jumla 97

Akitazama simu kwa sekunde mbili akiwa 80, ametembea mita 44 bila kuona kitu. Weka hili hapa, uwanjani, umwonyeshe mita 44 zinafika wapi.

Hatua ya 3: Mtaani, akisema anachokiona

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopitia haraka. Uingereza iliingiza mtihani wa kutambua hatari mwaka 2002, mwanafunzi anaangalia video na kubofya anapoona hatari inaanza. Kwetu, video ni mtaa wenyewe.

Anza Jumapili saa moja asubuhi, mitaa ya makazi, mwendo usiozidi 30. Kazi ya kijana ni kuendesha huku akisema kwa sauti kila kinachoweza kubadilika mbele yake. Wiki ya kwanza atataja vitu: "gari, mtu, tuta." Hiyo haitoshi. Unachotaka ni kitu, kitakachofanya, na yeye atafanya nini. Akiiva utasikia hivi: "Bajaji imesimama kushoto, taa ya breki inawaka, mguu umetoka nje, napunguza na kuachia nafasi. Daladala mbele limewasha indiketa ya kushoto, litasimama, bodaboda aliye nyuma yake atachomoka kulia. Chini ya lori lililoegeshwa naona miguu midogo miwili, nasimama."

Miguu chini ya gari lililoegeshwa. Mfundishe kuitafuta. Mtoto mfupi haonekani juu ya boneti, lakini viatu vyake huonekana chini ya chasisi sekunde moja au mbili kabla hajatokeza.

Vingine vya kumzoesha kutafuta: mpira unaovuka peke yake, kundi la wanafunzi lililogawanyika pande mbili za barabara (mmoja wao lazima atavuka kuwafuata wenzake), mlango wa teksi ambao haujafungwa vizuri, konda aliyening'inia mlangoni akipiga bodi, mkokoteni, mbuzi wa kwanza, maana wa pili na wa tatu wanakuja.

Msihamie hatua ya nne hadi aweze kuzungumza hivyo dakika 15 mfululizo bila gari kuyumba wala mwendo kupanda. Kwa wengi ni vipindi vinne hadi sita.

Hatua ya 4: Makutano, kipilefti na zebra

Kwenye kipilefti, aliye ndani tayari ana haki ya kupita, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari hayo hutokea kulia kwako. Kosa la wanaoanza si kutojua kanuni hiyo. Ni kuangalia kulia muda mrefu mno na kumgonga kwa nyuma aliye mbele ambaye alianza kuondoka kisha akasita. Mfundishe: angalia mbele kwanza, kisha kulia, kisha mbele tena, ndipo uondoke.

Kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, gari la njia ya jirani likisimama kwenye zebra, naye asimame hata kama haoni mtu. Aliyesimama amemwona anayevuka. Wewe umezibwa naye. Kabla ya kukanyaga, atupie jicho kioo cha ndani. Kama nyuma kuna lori limekaribia, aanze kupunguza mapema na kugusagusa breki ili taa ziwake zionekane.

Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro ina njia za katikati za mabasi ya mwendokasi. Gari binafsi halina ruhusa humo, foleni iwe ndefu kiasi gani. Anayekata kulia anakatiza njia hizo, na basi linaweza kutokea mbele au nyuma yake kwa kasi asiyoitarajia. Afuate taa tu. Asifuate bodaboda, asifuate anayempigia honi nyuma.

Hatua ya 5: Kurudi nyuma

Fupi lakini isirukwe, kwa sababu watoto hugongwa ndani ya geti la nyumbani kwao. Kabla ya kupanda gari, azunguke hadi nyuma. Aulize watoto wako wapi na apate jibu. Arudi kwa mwendo wa mtu anayetembea, kichwa kikiwa kimegeuka. Kamera ni nyongeza. Kama inawezekana, aegeshe kwa kurudi nyuma anapofika, ili asubuhi atoke akiwa anatazama mbele.

Hatua ya 6: Barabara kuu

Chagua kipande chenye lami nzuri, mchana, hali ya hewa kavu. Nenda na urudi. Mambo mawili tu kwa vipindi vya mwanzo.

La kwanza ni nafasi. Gari la mbele likipita nguzo au kivuli, aanze kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Asiifikie nguzo ile kabla hajamaliza. Mvua ikinyesha, mara mbili yake. Utasikia lalamiko: "Nikiacha nafasi wanachomekea." Ndiyo, watachomekea. Aachie mafuta kidogo, nafasi irudi. Akichomekewa mara 20 kutoka Kibaha hadi Chalinze amechelewa dakika moja hivi.

La pili ni alama ya 50 kwenye vijiji. Inaanza kwenye alama, inaishia kwenye alama ya kuiondoa, na katikati haibadiliki hata kama nyumba zimeisha. Vijana hujifunza haraka kuwa magari yanayokuja yakiwasha taa, kuna tochi ya polisi ya kupima mwendo mbele, wakajenga tabia ya kwenda 50 penye tochi tu. Vunja tabia hiyo mapema. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu anayegongwa na gari la mwendo wa 65 yuko kwenye hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa kwa 50. Kwa dereva tofauti ya mwendo huo haihisiki hata kidogo.

Hatua ya 7: Kuovateki

Usifundishe hili kabla ya saa 20 kwenye daftari.

Fanyeni hesabu nyumbani kwanza. Lori la semitrela lina urefu wa kama mita 18, linakwenda 60. Kijana yuko 80. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.5 kwa sekunde. Aanze akiwa mita 25 nyuma ya lori, arudi njia yake akiwa mita 25 mbele, jumlisha urefu wa lori na wa gari lake: anatakiwa kulipita kwa mita 72 hivi. Hizo ni sekunde 13. Ndani ya sekunde 13 yeye ametembea karibu mita 290, na basi linalokuja kwa 80 nalo limetembea mita 290. Kwa hiyo anahitaji karibu mita 600 za barabara anayoiona kwa macho, tupu, kabla hajatoka. Mpeleke mahali palipo wazi, mpime mita 600 kwa geji ya kilomita, mtazame gari la mbali lilivyo dogo. Wengi huwa wanakadiria theluthi ya hapo.

Kisha utaratibu:

1. Abaki nyuma, mita 25 hadi 30. Akimganda lori haoni kitu.
2. Aulize: kuna kona, kilele cha mlima, daraja, njia panda, kijiji au mstari usiokatika? Kimoja kikiwepo, hakuna kuovateki.
3. Kioo, indiketa ya kulia, kichwa kulia. Huenda basi la nyuma limeshaanza kuwapita wote wawili.
4. Atoke, ajipange sambamba, atazame tena mbele yote. Hapo bado anaweza kurudi.
5. Aongeze mwendo bila kusita. Arudi kushoto anapoliona lori lote, na taa zake zote mbili, kwenye kioo cha ndani.

Asilifuate gari jingine linaloovateki. Nafasi aliyoiona yule wa mbele ilikuwa ya gari moja.

Kuna desturi ya madereva wa malori kuwasha indiketa ya kushoto kumwambia wa nyuma apite, na ya kulia kumzuia. Ya kulia aiheshimu. Ya kushoto asiiamini peke yake: huenda dereva yule anataka kuegesha tu.

Hatua ya 8: Mteremko

Kitonga, Sekenke, au mteremko wowote mrefu ulio karibu. Aingize gia ndogo juu, kabla ya kuanza kushuka. Kwa gari la otomatiki ni nafasi ya L, 2 au B, kulingana na gari. Mwendo ukipanda, akanyage breki kwa nguvu kiasi, ushuke, aachie kabisa, zipate kupoa. Anayeegemea breki kidogo kidogo kutoka juu hadi chini huzichemsha. Dalili ni harufu ya kuungua na pedali inayozama. Kuweka nyutro ili kubana mafuta ni marufuku.

Hatua ya 9: Mvua na usiku, mwisho kabisa

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya pili, maana mafuta na vumbi bado viko juu ya lami. Taa za kawaida ziwashwe, hazadi zizimwe gari likiwa linatembea, kwani zikiwaka zote indiketa haionekani. Maji yakiwa yamefunika barabara na haoni lami, asipite. Wakazi wa Dar wanaijua Jangwani.

Usiku, taa ndogo humulika mbele mita 40 hadi 60 hivi. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya pili: mwendo wa 80 unahitaji mita 68 kusimama. Kwa taa ndogo, 60 ndiyo mwisho, kwa sababu jumla yake ni mita 45 hivi. Akikutana na mtu aliyewasha taa za full, asishindane naye. Ateremshe macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, apunguze, aufuate.

Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani usiku maana yake kuna lori limeharibika mbele, pengine halina taa wala kiakisi. Apunguze papo hapo, asisubiri kuliona. Naye gari lake likiharibika aweke pembetatu: mita 50 nyuma mjini, 100 au zaidi barabara kuu, na abiria wote watoke wakae mbali na lami.

Hatua ya 10: Kumwachia funguo kwa awamu

New Zealand ilianza mwaka 1987 kuwapa vijana leseni kwa awamu: kwanza bila usiku wa manane na bila kubeba marafiki, kisha polepole. Nchi nyingi zilifuata. Kwetu akifaulu anaruhusiwa saa zote siku hiyo hiyo, kwa hiyo awamu aziweke mzazi. Andikeni kwenye karatasi, kila mmoja asaini:

- Mwezi wa 1 na wa 2: peke yake, mchana tu, barabara alizozizoea, hakuna rafiki ndani ya gari.
- Mwezi wa 3 na wa 4: mwisho saa tatu usiku, rafiki mmoja.
- Baada ya hapo: barabara kuu peke yake, mchana.
- Siku zote: mkanda kwa kila aliyemo, simu kwenye droo ya gari, pombe hata tone hapana. Akikwama popote kwa sababu yoyote apige simu, atafuatwa, na maswali yataulizwa kesho yake.

Kifungu hicho cha mwisho kinafanya kazi kama ukikitimiza mara ya kwanza bila kumsema usiku ule.

Makosa ya anayekaa pembeni

Kutoa maelekezo kwa kuchelewa. "Kulia hapa!" mita 10 kabla ya kona ndiko kunakomfanya akate bila kuangalia kioo. Sema: "Baada ya sheli ile, ya kwanza kulia."

Kukemea gari likiwa linatembea. Akikosea, mwambie aegeshe, mzungumze dakika mbili, mrudi mahali pale pale mrudie.

Kushika usukani. Fanya hivyo kuokoa maisha tu. Kuuvuta ghafla kwenye mwendo wa 80 kunapindua gari.

Na wewe unavyoendesha siku nyingine. Ukijibu WhatsApp kwenye foleni, saa 40 zote umezifuta.

Yakikwama

*Gari la manyuo linazima kila anapoondoka.* Sehemu tambarare, bila mafuta kabisa, aachie klachi polepole hadi gari linyanyue pua kidogo, ashikilie hapo sekunde mbili, akanyage tena. Mara 20. Mguu ukishajua pale mahali, ongezeni mafuta.

*Linarudi nyuma kwenye mlima.* Handibreki juu, mafuta kidogo, klachi hadi sauti ya injini ishuke, ndipo handibreki iachiwe. Asizame kwenye haraka ya honi za nyuma.

*Kwenye otomatiki anakanyaga mafuta akidhani ni breki.* Angalia kisigino. Kinatakiwa kukaa sakafuni mbele ya breki, vidole vikielekea mafuta. Mguu wa kushoto ukae pembeni, haukanyagi chochote. Kama anatumia miguu miwili, rudini uwanjani hadi aache.

*Gari linayumba, au anakaa katikati ya barabara.* Anatazama karibu mno, mbele ya boneti. Mwambie atazame mahali atakapofika baada ya sekunde 10. Kama bado linavuta upande mmoja mikono ikiwa imetulia, mpelekee fundi wa alaimenti na upime upepo.

*Kila tuta anashtukia dakika ya mwisho.* Hajaligundua kwa sababu anatafuta tuta lenyewe. Atafute dalili zake: alama ya pembetatu, taa za breki za magari ya mbele, wauza mahindi na karanga waliokusanyika mahali pamoja bila kituo. Breki iachiwe tairi la mbele linapogusa tuta, vinginevyo pua imezama na chini kunagonga.

*Anaogopa malori kiasi cha kufunga breki yakipishana naye.* Egesheni mahali salama pembeni, dakika 20, muangalie malori yakipita huku akikadiria nafasi inayobaki. Halafu kipande kifupi, mwendo wa 50, macho kwenye ukingo wa kushoto. Mwili wake utatarajia upepo wa lori kusukuma gari na hatavuta tena usukani.

*Anajiamini mno baada ya mwezi mmoja.* Mrudishe hatua ya tatu, aseme anachokiona, lakini safari hii Kariakoo saa kumi jioni. Hesabu kwenye daftari hatari ulizoziona wewe na yeye hakuzitaja. Mwonyeshe orodha mkiwa mmeegesha.

*Amegonga, kidogo.* Hazadi, handibreki, pembetatu. Aangalie kama kuna aliyeumia kabla ya kuangalia bampa. Asikimbie. Ila kama watu wamekusanyika kwa hasira na anahofia maisha yake, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kujieleza. Apige picha za magari, namba, alama za matairi na barabara pande zote mbili. Asisaini wala kukubali malipo ya mkononi kabla ya kuongea na wewe na kampuni ya bima. Kisha msiache wiki ipite bila yeye kushika usukani tena, ukiwa pembeni, kwenye barabara ile ile.